Sidii Iliyofukuza Ndege

Ndani ya mkebe wa biskuti mna sidii kumi na nne.
Ya kumi na tano ina tundu pembeni,
alilolitoboa Malogo kwa msumari wa moto
mwaka ule kweleakwelea walipoumaliza uwele wa Mvumi.
Akaining'iniza shambani kwa uzi wa katani
ijipindue juani, iwatishe.
Msimu mzima baba aliamia ndege
bila kufungua kinywa.

Leo nimeketi sebuleni, Chang'ombe,
kompyuta mapajani, kisomeo kimechomekwa kwa waya;
kompyuta za siku hizi hazina mdomo wa kumeza sahani.
Ilikuwa kaseti, ikawa sidii, sasa itakuwa faili.
"Naye anahamia?" Mama anauliza.
"Nilidhani ni wizara tu."

Anafuta vumbi kwa upindo wa kanga,
anazungusha mkono kama anayesugua sufuria.
"Si hivyo, mama. Anzia katikati, nenda nje,
mstari mnyoofu, kama mtu anayetoka chumbani kwenda uani."
Ananitazama.
Mwanamke aliyelea watoto watano
anafundishwa kufuta.

Kompyuta inauliza: Msanii?
Kisha inajijibu yenyewe: Hajulikani.
Albamu: Haijulikani. Wimbo 01. Wimbo 02.
"Nani hajulikani?" Mama anasogeza miwani.
"Andika Chidawali. Zeze alilichonga mwenyewe.
Anayepiga vigelegele nyuma ni Nyendo, dada yake,
siku hiyo jino lilikuwa linamuuma.
Andika na jino."
Hapakuwa na kisanduku cha jino.
Nikaliandika penye Maoni.

Tundu limekula nyimbo mbili za mwisho, hizo basi tena.
Lakini wimbo wa saba una mkwaruzo tu, wa mwiba au wa mdomo wa ndege,
na sisi watoto tuliujifunza ukiwa na kigugumizi chake:
baba akifika pale anapoiita mvua
hukwama, mvu— mvu— mvu—
halafu huruka, akatua mbele kabisa,
ng'ombe wameshakunywa, wamesharudi zizini.
Tuliucheza hivyo hivyo. Mabega mara tatu, mruko mmoja.
Kwenye harusi ya Malogo ukumbi mzima
ulisubiri mruko ule,
ukaruka.

Programu haina haraka. Inasoma, inakataa,
inarudi nyuma, inasoma tena polepole,
mara nane, mara ishirini,
kisomeo kinakoroma kama jiwe la kusagia.
Asilimia sitini na moja.
Umeme ukakatika. Betri ikashika.
Asilimia sitini na moja.
Mama alikwenda kukoroga mlenda, akarudi na mwiko mkononi.
Sitini na mbili.

Nilipobonyeza,
mvu— ikapita, ikawa mvua.
Na nyuma ya mvua, sekunde nne
ambazo nyumba hii haijazisikia kwa miaka kumi na minane:
uzi wa zeze unalegea,
mbuzi analia,
na baba, kwa sauti ya mchana tu, si ya kuimbia,
"Nyendo, isogeze hiyo redio. Jua linaipiga."

Basi.
Si wosia, si fumbo, hakututaja.
Jua linaipiga.

Mama akaomba nirudishe. Nikarudisha.
Akaomba tena.
Mara ya tano aliinuka, akaenda dirishani,
akaiondoa redio yake ndogo juani,
akaiweka juu ya kabati, mwiko bado mkononi.

Faili nimeitunza pahali patatu:
kompyuta, flashi ya Malogo, simu ya mama.
Nikaanza kuzipanga sidii mkebeni,
akanishika mkono.
"Hiyo yenye tundu iache nje.
Uwele umeanza kuchanua."